Leo Fender: Fundi wa redio aliyebadilisha sauti ya gitaa bila kujua kulipiga

Ukiwa Nyeri mjini Jumamosi jioni, au ushuke Karatina, au upande hadi Nanyuki, hutakosa mahali penye mugithi. Mtu mmoja, gitaa moja, maikrofoni moja, na watu wameshikana mabega wakizunguka ukumbi kama mabehewa ya treni. Kesho yake asubuhi gitaa la umeme liko kanisani likisindikiza kwaya.

Sasa sikiliza vizuri. Mpiga gitaa akiwa peke yake unausikia kila uzi. Ngoja kibodi iingie, ngoma ziingie, besi iingie, na waimbaji wapaze sauti. Anapofika kwenye solo, pale ndipo angeng'ara, gitaa linapotea. Kijana anakimbilia amplifaya, anazungusha volyumu hadi mwisho, na badala ya sauti anapata mkwaruzo. Umewahi kuyaona hayo? Pengine kijana mwenyewe ni wewe.

Siku hizi utaambiwa ununue busta, ile pedali ndogo ya kukanyaga kwa mguu ambayo kazi yake ni moja tu: kuongeza nguvu ya sauti ya gitaa bila kuichafua. Ushauri si mbaya. Lakini kabla hujatoa pesa mfukoni, hebu nikusimulie maisha ya mzee mmoja aliyepambana na shida hiyo hiyo tangu ujana wake hadi kufa.

Aliitwa Leo Fender. Jina lake utaliona kwenye vichwa vya magitaa kila pembe ya dunia. Na amini usiamini, hakujua kupiga gitaa. Hata kulinganisha nyuzi zake hakuweza.

Clarence Leonidas Fender alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 kusini mwa California, Marekani, kwenye shamba la wazazi wake kati ya miji ya Anaheim na Fullerton. Walikuwa wakulima wa machungwa. Kwa hivyo alikuwa mtoto wa shambani, kama wengi wa huku waliokulia katikati ya kahawa na majanichai.

Alipokuwa na miaka minane alipata uvimbe kwenye jicho la kushoto. Madaktari walilazimika kuling'oa, na tangu siku hiyo akaishi na jicho la kioo. Ulemavu huo ndio uliomzuia baadaye kuandikishwa jeshini wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Wenzake walienda vitani, yeye akabaki na redio zake.

Redio alizipendea kwa mjomba wake, aliyekuwa na duka la kutengeneza umeme wa magari katika mji wa Santa Maria. Mjomba huyo alikuwa ameunda redio kwa mikono yake na kuiweka dukani. Leo alipoisikia ikitoa sauti kubwa, aliduwaa. Alikuwa na miaka 14 hivi. Aliporudi nyumbani akaanza kuchezea nyaya na kuwatengenezea wenzake redio.

Lakini usidhani alisomea mambo hayo. Chuoni alisoma uhasibu. Alimaliza mwaka wa 1930, uchumi wa dunia ukiwa umeanguka, akazunguka kutoka kazi moja hadi nyingine akiandika hesabu za watu. Mwaka wa 1934 akamwoa Esther. Kisha kazi ikakatika.

Hebu jiweke hapo. Una mke, una cheti cha uhasibu, na hakuna anayekutaka. Kijana wa leo anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Leo alikopa dola 600. Mwaka wa 1938 akarudi Fullerton, akafungua kiduka cha kutengeneza redio, akakiita Fender Radio Service. Ukitaka kumwelewa, mfikirie fundi wa redio wa mjini kwetu: meza imejaa redio zilizofunguliwa matumbo, moshi wa risasi ya kuchomelea unapanda, na wateja wamesimama mlangoni wakiuliza kama yao imepona.

Miongoni mwa wateja hao walikuwepo wanamuziki. Waliletea duka lile amplifaya zilizoungua na spika zilizopasuka. Fundi mwingine angezitengeneza, apokee pesa zake na kuwaaga. Leo aliwauliza maswali. Iliharibika vipi? Ulikuwa unapiga wapi? Watu walikuwa wangapi? Ulitaka ilie namna gani?

Hapo ndipo maisha yake yalipobadilika.

Ili umfuate vizuri, lazima ujue gitaa la umeme linafanya nini. Chini ya nyuzi kuna pikapu. Si ile ya kubeba kabichi kupeleka soko la Karatina, la. Hii ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, umeme mdogo sana unazaliwa ndani ya waya ule. Umeme huo ni dhaifu mno, hauwezi kusukuma spika. Ndiyo maana unapelekwa kwenye amplifaya, ukuzwe hatua kwa hatua hadi uwe na nguvu.

Kila hatua ina kikomo chake. Ukiijaza kupita kiasi, kilele cha wimbi la sauti kinakatwa, kama mtu mrefu anayegonga kichwa kwenye mlango mfupi. Mkato huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Leo Fender hakuupenda mkwaruzo. Kwake yeye, fundi wa redio, ulikuwa ugonjwa wa kutibiwa. Alitaka sauti kubwa na safi kwa pamoja, na wakati ule vitu hivyo viwili havikukaa nyumba moja.

Mwaka wa 1945 alishirikiana na mwanamuziki na fundi mwenzake, Doc Kauffman, wakaanza kuunda magitaa madogo ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya zake. Mwaka uliofuata Kauffman aliondoka, akihofia madeni. Leo akabaki na hofu hiyo peke yake, akaanzisha kampuni yake.

Kulikuwa na shida nyingine. Magitaa ya siku hizo yalikuwa na tumbo wazi. Ukiongeza volyumu, sauti ya spika inarudi, inalitikisa tumbo la gitaa, gitaa linarudisha sauti kwenye amplifaya, na mzunguko huo unazaa ule mlio wa kutoboa masikio. Unaujua vizuri. Ni sawa na mhubiri anaposimama na maikrofoni mbele ya spika.

Dawa ya Leo ilikuwa rahisi: aondoe tumbo. Akatumia ubao mzima. Hakuwa wa kwanza duniani kuliwaza hilo, lakini gitaa alilotoa mwaka wa 1950 ndilo la kwanza la aina hiyo kutengenezwa kiwandani kwa wingi na kununuliwa na wanamuziki wa kawaida. Kwanza liliitwa Broadcaster. Kampuni nyingine ililalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake, na mwaka wa 1951 likawa Telecaster, jina linalotumika hadi leo.

Angalia akili ya fundi hapa. Shingo ya gitaa hilo haikugundishwa kwa gundi. Ilifungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika, unafungua, unatia nyingine, unaendelea na kazi. Mwanamuziki aliyezoea kungoja wiki nyingi sasa angengoja dakika chache.

Mwaka huo huo wa 1951 akatoa gitaa la besi la umeme, Precision. Wapiga besi walikuwa wakibeba lile fidla kubwa lenye kimo cha mtu, na bado hawakusikika. Kisha 1954 ikaja Stratocaster, yenye pikapu tatu. Mbavu za gitaa hilo zimekatwa mviringo kwa sababu mpiga gitaa mmoja alilalamika kwamba pembe za Telecaster zinamuumiza mbavu. Leo hakubishana naye. Alikata mbao.

Ndivyo alivyofanya maisha yake yote. Kwa kuwa hakujua kupiga, hakuwa na kiburi cha mpigaji. Aliwapa wanamuziki vifaa waende navyo kwenye kumbi, wavitese, kisha warudi kumweleza. Sikio lake lilikuwa la wengine.

Karibu mwaka wa 1960 alikutana na kijana aliyemtoa jasho kwelikweli. Aliitwa Dick Dale, mpiga gitaa wa California aliyejaza kumbi za dansi na kupiga kwa nguvu za ajabu. Kila amplifaya aliyopewa aliiunguza, na kila spika akaipasua. Kule kiwandani kila kifaa kilionekana kiko sawa. Shida ilikuwa nini?

Dick Dale mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Leo alifunga safari hadi ukumbini, akasimama katikati ya watu, akasikiliza. Hapo ndipo alipoelewa. Ukumbi mtupu na ukumbi uliojaa si ukumbi mmoja. Miili ya watu na nguo zao hunyonya sauti. Kile kilichotosha kwenye mazoezi hakikutosha watu walipofika. Akarudi kiwandani, akaunda amplifaya yenye nguvu zaidi na spika kubwa ya inchi 15.

Shika neno hilo, tutalirudia.

Na ujue pia kwa nini haikuwa kazi rahisi. Sikio la binadamu ni gumu kushawishika. Ukiongeza nguvu ya amplifaya mara mbili, msikilizaji anaona imepanda kidogo tu. Ili aone sauti imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu kama mara kumi. Ndiyo sababu amplifaya ndogo ikifika mwisho, imefika mwisho. Hakuna maombi yatakayoisukuma.

Kufikia hapo kiwanda cha Leo kilikuwa kikiuza magitaa na amplifaya kwa maelfu. Lakini yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Alikuwa na maambukizi ya muda mrefu ambayo dawa zilishindwa kuyaondoa, akaamini siku zake zinahesabika. Januari 1965 aliuza kampuni yake, pamoja na jina lake, kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13.

Kisha akapata daktari mwingine. Akatibiwa, akapona.

Hebu fikiria. Mtu yuko hai, mzima, ana pesa kuliko atakazoweza kutumia, na jina lake mwenyewe si lake tena. Magitaa yanaendelea kutoka yakiwa yameandikwa Fender, na yeye hana amri juu ya hata skrubu moja.

Wakati huo huo, dunia ilifanya jambo ambalo hakulitarajia. Vijana wa Uingereza na Marekani waliupenda ule mkwaruzo aliokuwa akiukimbia. Kule London, Jim Marshall na mafundi wake walianza mapema miaka ya 1960 kwa kuiga amplifaya moja ya Fender, nayo ikawa mama wa amplifaya za roki. Jimi Hendrix akaichukua Stratocaster, akaiunganisha na amplifaya zilizojazwa hadi kufurika, akatoa sauti ambayo mhasibu wa Fullerton hakuwahi kuiota.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, kampuni ya Electro-Harmonix ya New York ikatoa kiboksi kidogo kilichoitwa LPB-1. Ndani yake mlikuwa na transista moja, vipande vichache vya umeme na betri ya volti 9. Kazi yake ilikuwa kuupokea ule umeme dhaifu wa gitaa na kuukuza kabla haujafika kwenye amplifaya. Hiyo ndiyo busta, babu wa hiyo unayotaka kununua leo.

Na Leo? Hakukaa kimya. Katika miaka ya 1970 alifanya kazi na kampuni mpya, Music Man. Mwaka wa 1976 ikatoka besi iitwayo StingRay. Ndani ya mwili wa besi hiyo mna saketi ndogo inayotumia betri ya volti 9, inayoipa sauti nguvu hapo hapo kabla haijaingia kwenye waya. Kwa maneno mengine, mzee alitia busta ndani ya gitaa lenyewe. Alikuwa anakaribia miaka 67, na bado anatafuta kitu kile kile: sauti kubwa, safi.

Esther alifariki mwaka wa 1979. Mwaka uliofuata Leo akaoa tena, na pamoja na rafiki yake wa miaka mingi, George Fullerton, akaanzisha kampuni nyingine, G&L. Herufi hizo ni George na Leo. Ugonjwa wa Parkinson ulimshika, mikono ikatetemeka, lakini aliendelea kwenda kwenye meza yake ya kazi kila siku. Alifariki tarehe 21 Machi 1991 akiwa na miaka 81. Siku moja kabla yake alikuwa kazini.

Sasa turudi Nyeri. Wewe na busta yako.

Jambo la kwanza, jua muziki unaoupiga. Benga, rumba, mugithi, na nyimbo nyingi za kanisani zinasimama juu ya gitaa safi. Sikiliza rekodi za zamani za Joseph Kamaru, mzaliwa wa Kangema, utaona jinsi nyuzi zinavyosikika moja moja, kama matone ya mvua juu ya mabati. Muziki huo hauhitaji mkwaruzo. Unahitaji sauti safi iliyosimama juu ya wengine. Kwa hivyo hapa kwetu busta ina maana kuliko pedali nyingi za kelele zinazouzwa kwa bei ya juu.

Pili, busta haiponyi gitaa gonjwa. Inakuza kila kitu: sauti nzuri, uvumi wa stima, na waya mbovu pia. Anza na nyuzi mpya. Safisha waya na plagi. Angalia pikapu isiwe mbali sana na nyuzi. Kisha kwenye amplifaya, ongeza kidogo sauti za katikati, maana ndizo zinazolifanya gitaa lisikike katikati ya kibodi na besi. Pengine ukimaliza hayo utakuta pesa zako bado ziko mfukoni.

Tatu, acha nafasi. Ukipiga ridhimu, usiijaze amplifaya. Iache chini, safi. Kisha kwenye solo ukanyage busta, ipande. Amplifaya iliyokwisha kujaa haina mahali pa kupanda. Ukiisukuma, ile ya valvu itaanza kukwaruza kwa utamu ambao wengine wanaupenda, lakini nyingi za transista za bei nafuu zitakwaruza vibaya tu. Vilevile, ikiwa unaingia moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, angalia taa nyekundu. Ikiwaka, punguza.

Nne, una pedali nyingine? Busta ikitangulia, inazisukuma zote zinazofuata na kubadilisha tabia zao. Ikiwa ya mwisho, inapandisha sauti kama ilivyo. Kwa solo iliyo safi, iweke mwisho.

Tano, na hili ndilo la mzee Leo: usiamini mazoezi ya Jumamosi. Kanisa likiwa tupu, gitaa lako litasikika kila kona. Jumapili watu wakijaa, na makoti yao mazito ya baridi ya mlimani, sauti inanyonywa. Mwombe mwenzako ashike gitaa wimbo mmoja, nenda kasimame nyuma katikati ya watu, usikilize kwa masikio yako. Hapo utajua kama unahitaji busta, na uipandishe kiasi gani.

Na kama wewe hujui kupiga gitaa kabisa, lakini umezoea kufungua redio za nyumbani na kukemewa na mama, habari hii ni yako zaidi. Busta rahisi ni transista moja na vipande ambavyo fundi wa redio anavijua kwa majina. Mwanafunzi wa umeme pale Nyeri National Polytechnic anaweza kuiunganisha kwenye meza yake, akaipeleka kwa mpiga gitaa wa mtaani, akamuuliza inalia vipi, akarudi kuirekebisha.

Leo Fender alianza hivyo hivyo, kwa mkopo wa dola 600, jicho moja, na mteja amesimama mlangoni akilalamika. Ukiona mwanamuziki analalamika mlangoni pako, usimharakishe aende. Mvutie kiti.